Kipanya Kilichohamisha Kaburi Langu

Ofisi ya Makaburi,
Manispaa ya Lyngholt,
Jumatano, 5 Machi.

Kwa Mkurugenzi wa Huduma za Manispaa

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KIPANYA KISICHO NA WAYA, NA MAHALI NITAKAPOZIKWA

Pokea salamu za mtumishi wako. Najua hapa Denmaki hatuitani kwa vyeo. Juzijuzi kwenye keki ya Bodil, mwenzangu wa ofisini, nilikuita Lone, ukaniita Holger, tukacheka. Leo nakuita Ndugu Mkurugenzi kwa sababu nimekasirika, na hasira ya mtu mzima lazima ivae viatu kabla ya kutoka nje.

Mimi ni Holger Bundgaard, karani wa makaburi kwa miaka thelathini na moja. Kazi yangu ni ramani. Kila kaburi ni kisanduku kidogo kwenye kioo cha kompyuta, nami hulikokota jina la mtu kwa kipanya mpaka kwenye kisanduku chake. Marehemu mke wangu, Else, alifanya kazi hii hii, meza ya pili kutoka yangu, mpaka maradhi yalipomzidi. Amelala safu ya nne, namba 41. Namba 42 niliiandikisha kwa jina langu.

Jumatatu nilifungua safu ya nne, ambayo sikuwa na moyo wa kuitazama tangu Else augue, nikakuta 42 ni tupu. Jina langu liko namba 117, kule mwisho kabisa kwenye ua wa michongoma, jirani na lundo la majani yanayooza. Loo! Nilitaka kulirudisha pale pale, kipanya kikagoma. Na Ijumaa saa sita mchana daftari linafungwa ili tuhamie mfumo mpya. Baada ya hapo kuhamisha kaburi ni maombi, kamati, na miezi minane. Nina miaka sitini na saba. Miezi minane siwezi kuiahidi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kipanya hiki kina wazimu. Tangu vuli kinasuasua, kisha ghafla kinaruka kama kimeona paka. Mwezi wa Novemba kilibonyeza mara mbili bila ruhusa yangu, Bwana Kløvborg akapewa makaburi mawili. Alipopata barua alinipigia simu: "Holger, mbona sijanenepa kiasi hicho?" Bibi Ravnkilde, aliyeniomba kwa machozi nimweke mbali na dada yake, alijikuta ubavuni mwa dada yake. Hao nilifaulu kuwarekebisha. Nimebaki mimi mwenyewe.

2. Dawati la Msaada. Alipokea simu Sidsel, fundi wenu. "Mzee wangu, umekizima ukakiwasha?" Nimekizima, nimekiwasha. "Badilisha betri." Kabatini hamna betri, nikachomoa ya saa ya ukutani. Saa ikaganda saa tano na nusu, na watunza bustani, kila wakiitazama wakaona ndiyo saa ya kula, wakala chakula cha mchana mara mbili. "Chomoa kile kijino kinachopokea mawimbi, kichomeke tundu jingine." Nimekichomeka kila tundu, likiwemo moja ambalo sasa najua ni la kufuli. "Basi huenda ni meza, inang'aa mno." Meza hiyo nyeupe mlituletea ninyi, mkasema inatuliza akili! Mwisho akaniambia, "Jaza fomu, mzee wangu, na usinipandishie sauti, na mimi ni binadamu." Alisema kweli. Nikamwomba radhi, nikajaza fomu.

3. Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Unajua kama nijuavyo kwamba kwetu panya ni mus, kipanya cha kompyuta nacho ni mus, na kile kikao cha kila mwaka, ambapo mfanyakazi na mkuu wake hunywa kahawa na kuulizana mtu anataka kukua kuelekea wapi, nacho kwa kifupi chake ni MUS. Fomu yenu huandika kila kitu kwa herufi kubwa. Nami niliandika hivi: "MUS yangu imekufa. Tangu vuli inasuasua, hainielewi, inarukaruka. Nikiigonga mezani inaamka kidogo, kisha inalala tena. Naomba nyingine." Fomu ikaenda Idara ya Watumishi. Huko wakaelewa kwamba mkuu wangu, Torben, husinzia kikaoni, na mimi humwamsha kwa kumgonga.

4. Torben aliumia sana, maskini. Jana asubuhi akaniita kwenye MUS mpya. Ameoka maandazi ya mdalasini kwa mikono yake, macho mekundu. "Holger, ndugu yangu, kama nilikuwa sikusikilizi, si ungeniambia mwenyewe? Mpaka unishtaki kwa fomu?" Nikamwambia ni kipanya. Akasema, "Sawa, ya panya tuyaache. Tuanze na wewe. Baada ya miaka mitano unajiona wapi?"

Ndugu Mkurugenzi, karani wa makaburi ameulizwa, karani wa makaburi akajibu. Nilisema, "Kando ya Else, kipanya kikipona." Torben akaweka kalamu chini, akalia. Na mimi, sijui kilichonipata, nikalia. Kipanya sikuletewa. Niliandikiwa matembezi sita ya msituni pamoja na mtaalamu wa huzuni, ya kwanza Ijumaa saa tano na nusu, yaani daftari litafungwa nikiwa natazama uyoga.

5. Usinishauri nitumie kompyuta ya Bodil. Ya kwake ni ya kupapasa, haina kipanya cha kuazima, wala haina ruhusa ya ramani. Ruhusa huombwa kwa fomu, fomu hupitishwa na mwenye ramani, ambaye ni mimi, na mimi hupitisha kwa kubonyeza kipanya.

6. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Hapa paka wako wengi, wana vyeo na ofisi zenye madirisha, na panya mmoja amewashinda wote. Ni aibu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: niletewe kipanya chenye mkia, yaani waya, maana panya asiye na mkia aliaminika lini? Serikali ichague moja kati ya panya na kikao, hilo lingine litafutiwe jina. Na mpaka nitakapoletewa kipanya, wakazi wa Lyngholt waombwe kupitia gazeti, kwa upole, wasife. Mwenye haraka aende manispaa jirani.

Nimelala kando ya mwanamke yule miaka thelathini na minane. Naogopa, Lone. Nasema wazi, naogopa kulala peke yangu kwenye lundo la majani.

Msalimie mumeo na wakwe zako wa kisiwani Fyn. Wasalimie wote wa ghorofa ya tatu, hata Idara ya Watumishi. Torben mwambie maandazi yalikuwa matamu na hajawahi kusinzia.

Wako katika utumishi na katika ghadhabu,
Holger Bundgaard

Baada ya kuandika: Bodil amepita hapa, akakigeuza kipanya tumbo juu, akapuliza. Kwenye kitundu cha taa palikuwa na chembe ya jibini. Ni yangu. Kipanya sasa kinateleza vizuri kabisa, watu wa Lyngholt wako huru.

Nimefungua ramani mara moja, nikalishika jina langu nilirudishe 42. Mfumo ukaniuliza kama nina hakika, ukanionyesha mabadiliko yaliyotangulia. Jina langu halikutolewa 42 na wazimu wa kipanya. Lilihamishwa miaka mitatu iliyopita, tarehe 14 Februari. Mhusika: Else Bundgaard, wiki yake ya mwisho kazini. Kwenye nafasi ya sababu ameandika: "Anakoroma. Akiwa kule kwenye michongoma nitamsikia kwa mbali, inanitosha kujua yupo."

Nimecheka peke yangu ofisini mpaka Bodil akarudi kuuliza kulikoni. Barua hii ihesabu kama haikuandikwa, na daftari lifungwe Ijumaa kwa saa yake. Jina langu nimeliacha pale pale, 117.