Pikipiki ya Raimundi Haina Cheni

Habari ilifika kijiweni kabla Mzee Mbaruku hajamimina kikombe cha kwanza, na aliyeileta ni Lukelo Spana, fundi wa bodaboda, mikono imejaa grisi na uso umejaa raha.

“Jamani, Pumba kapigwa.”

“Kapigwa na nani?” aliuliza Maximilian, karani mstaafu wa mahakama, ambaye kwa kusikiliza kesi za watu maisha yake yote aliishia kuitwa Wakili.

“Na mzungu wa Mang’ula. Kauziwa pikipiki haina cheni.”

Huyo Pumba ni Raimundi, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, na wakati anasemwa hivyo alikuwa ameketi palepale kwenye benchi, kashata mkononi. Kijiwe cha Mzee Mbaruku, nyuma ya maghala ya mpunga, kina ustaarabu wake: mtu husengenywa akiwepo, ili pakikosewa jambo asahihishe.

“Wewe si ndiye fundi wake?” Raimundi alisema. “Umekaa nayo wiki nzima, cheni umeikosa leo?”

“Mtani, wiki nzima nilikuwa nahamisha panya. Pale chini ya tangi palikuwa na ukoo mzima, na akiba ya mpunga juu. Nikasafisha kabureta, nikamwaga petroli iliyooza, nikafunga betri mpya, nikalegeza breki. Injini si inanguruma? Sasa leo nikasema nipake cheni oili. Nikainama kushoto, hamna. Nikainama kulia, hamna. Nikajua mtani wangu kaliwa.”

Wote wakageuka kulitazama dude lenyewe, ambalo Lukelo alikuwa amelisukuma mpaka pembeni ya kibanda. Lilikuwa jekundu, zee lakini lina heshima zake, limevaa plastiki kifuani na kioo cha kukinga upepo, kiti kipana cha watu wawili wenye afya, na masanduku mawili ubavuni. Mwenyewe, yule mzungu, alikuwa mtafiti aliyekuja kufuata mbega milimani. Alipochoka na mbega akarudi kwao, akamwachia mlinzi wake, Yusuf, ailinde, na baada ya miaka mingi akatuma neno iuzwe. Ilitengenezwa kwa safari ndefu na mwendo mkali, ndivyo Yusuf alivyomwambia Raimundi, na Raimundi hakuuliza la pili. Alikiona kile kiti akaishiwa nguvu.

Maana kesho yake, Jumapili, ilikuwa jubilei yao ya ndoa, yeye na Kandida, miaka ishirini na mitano. Padre angewaita mbele. Na siku ile ya kwanza, maskini, Raimundi alimchukua bibi harusi kwa baiskeli ya kuazima kutoka Idete, gauni likanaswa njiani, likatafunwa, na Kandida akaingia kanisani na mstari mweusi wa grisi mpaka gotini. Tangu hapo ugomvi wowote nyumbani kwao, hata wa chumvi kuzidi kwenye mboga, huishia kwenye ile baiskeli. Raimundi aliapa kwamba safari hii atampeleka kwa heshima. Kandida akamjibu kwamba yeye keshaongea na mwenye bajaji, na mume wake yuko huru kumfuata nyuma na matairi yake mawili. Kwa hiyo Raimundi alikuwa na leo tu ya kumbadilisha mkewe mawazo, na sasa anaambiwa cheni hakuna.

“Kisheria,” Wakili alianza, akisogeza kofia, “kuuza chombo pungufu ni kosa.”

“Kifungu gani?” aliuliza Mzee Mbaruku.

“Vifungu vipo.”

“Nimeuliza kipi.”

“Mzee wangu, nikianza kutaja vifungu hapa kahawa itapoa.”

“Mimi nahisi mzungu kaondoka nayo,” Lukelo alisema. “Wale wanapenda ukumbusho. Saa hizi imetundikwa sebuleni kwake, wageni wanaambiwa ni shanga za Kipogoro.”

“Au mbega,” Mzee Mbaruku aliongeza taratibu. “Wana vidole wale.”

Raimundi aliweka kashata chini.

“Lakini inawaka vizuri,” alisema kwa unyonge. “Kwa nini tusijaribu kuingiza gia tuone?”

“Usithubutu,” Lukelo alimkatiza. “Ukiingiza gia bila cheni, injini inajitafuna yenyewe. Utabaki na maini ya chuma.”

Raimundi hakujua kama ni kweli. Ila Lukelo aliyasema kwa uhakika wa mtu aliyefungua pikipiki za Ifakara nzima, na pikipiki za Ifakara nzima zina cheni.

Kumbe fundi hakuja mikono mitupu. Shingoni alikuwa amevaa cheni mbili za bodaboda alizoziunganisha zikawa moja, ndefu ya kufungia ng’ombe. Akaanza kutafuta pa kuifunga. Kwanza akayang’oa yale masanduku, eti labda cheni ilifichwa ndani wezi wasiione. Ndani mlikuwa na soksi moja na kitabu kilicholiwa na mchwa. Sanduku la kwanza Mzee Mbaruku akalipokea, akalipiga kofi, akalisifu, akapanga vikombe vyake humo. La pili akalikalia Wakili, akisema mgongo wake haujawahi kukutana na kiti cha haki kama kile.

“Hapa hamna hata meno ya kuishika,” Lukelo alinung’unika akiwa chini. “Kuna bomba nene tu linatoka kwenye injini linakwenda kwenye tairi.”

“La nini?” aliuliza Wakili.

“La kupozea.”

“Kupozea nini?”

“Tairi.”

Wakili akatikisa kichwa kama hakimu aliyeridhika na shahidi. “Mpigie Yusuf. Weka sauti nje, tuwe mashahidi.”

Raimundi akapiga. Simu ikaita mpaka ikachoka, ndipo Yusuf akapokea.

“Yusuf, hapa niko na wenzangu. Cheni ya pikipiki iko wapi?”

“Cheni gani?”

“Usijifanye hujui,” Wakili aliingilia. “Unaongea mbele ya mashahidi.”

Ikasikika sauti ya mtu anayecheka mpaka simu inamtoka mkononi. Aliporudi hewani alikuwa bado anafuta machozi. “Kaka Raimundi, hiyo haijawahi kuwa na cheni tangu itoke kiwandani. Lile bomba ndani yake kuna shafti, chuma kinachozungusha tairi badala ya cheni, na kule kwenye tairi kuna difu. Kama Fuso. Kwani mmenunua pikipiki hamjawahi kuiendesha?”

Raimundi akakata simu.

“Ndicho nilichokuwa nasema,” Lukelo alisema, akijifuta magoti.

“Ulisema ni la kupozea tairi,” alisema Mzee Mbaruku.

“Nilikuwa nawapima.”

Kabla hawajamsulubu, Wakili alikohoa kwa namna ambayo kijiwe kizima kinaijua: mke wa mtu anakuja. Kandida alikuwa anakatiza toka sokoni, kitenge kimekazwa, mwendo wa mtu aliyeambiwa jambo na watu wengi. Raimundi akatamani kuingia kwenye sanduku la vikombe.

“Shikamoo Mzee Mbaruku.”

“Marahaba, mwanangu. Za sokoni?”

“Za sokoni ni moja tu. Paulina wa nyanya kaniambia, Rosemery wa dagaa kaniambia, mpaka mtu wa bamia, hata jina simjui, kaniita pembeni kunipa pole. Wanasema mume wangu kanunua pikipiki haina cheni.” Akamgeukia. “Baba Valentino, ni kweli?”

“Mama Valentino, ngoja nikueleze.”

“Sijakuomba maelezo. Nimeuliza ina cheni au haina?”

Raimundi aliwatazama wenzake. Wakili alikuwa anasoma mawingu. Lukelo alikuwa anaivua ile cheni shingoni polepole, kama mwizi anayerudisha kuku.

“Haina,” Raimundi alisema.

Kandida akaizunguka pikipiki. Akainama kushoto, akainama kulia, akaligusa lile bomba kwa kidole, akakitazama kidole. Kilikuwa safi.

“Na cheni hamna sehemu yoyote? Hata kwa ndani?”

“Hata kwa ndani. Ina difu. Kama Fuso.”

“Kwa hiyo hakuna kitu cha kukamata gauni.”

Wiki nzima ya panya na kabureta, asubuhi nzima ya kudhalilishwa, na hilo halikuwa limempitia Raimundi kichwani hata mara moja. Furaha ikampanda mpaka masikio yakawa ya moto.

“Hakuna,” alisema. “Ndiyo maana nikainunua.”

“Muongo,” alisema Kandida, lakini alikuwa tayari anakusanya kitenge chake. Akapanda kiupande, akajiweka sawa, akakipigapiga kile kiti kwa kiganja. “Washa tuone. Nikiridhika, yule wa bajaji nitamwambia apumzike kesho.”

Raimundi aliwasha. Dude likanguruma, vikombe vikatetemeka sandukuni. Lukelo akarudi nyuma hatua kadhaa, kwa sababu moyoni alikuwa bado hajaiamini difu. Raimundi akabana klachi, akaingiza gia, akaachia taratibu, na pikipiki ikaondoka laini kabisa.

“Sasa hiyo cheni yako?” Mzee Mbaruku alimuuliza fundi nyuma yao.

“Nitafungia geti.”

“Huna geti.”

Raimundi hakusikia zaidi ya hapo. Walipita maghala, wakaingia lami ya kuelekea darajani, na watu walisimama kutazama. Kandida alikuwa amemshika kiunoni, jambo ambalo alikuwa hajalifanya hadharani tangu watoto wakiwa wadogo. Raimundi alijiona kijana. Alianza hata kupanga kesho apitie njia ya mbali, ili watu wa Michenga nao waone.

“Baba Valentino,” Kandida alisema sikioni mwake.

“Naam, mke wangu.”

“Kuna kitu kinanuka.”

“Ni mpya machoni mwa watu, lakini injini ni ya zamani. Itazoea.”

“Si injini. Simama.”

Alisimama kando ya barabara. Kandida akashuka kwa mguu mmoja, akaunyanyua ule mwingine. Kandambili yake, upande wa kisigino, ilikuwa imeyeyuka ikabaki nusu, na nusu nyingine ilikuwa imeganda kwenye ekzosi ikifuka moshi.

“Hapa,” alisema akionyesha vile vyuma vitupu ubavuni, “palikuwa na kitu cha kukinga mguu. Kiko wapi?”

Raimundi alitazama pale Kandida alipoonyesha, akamkumbuka Wakili na mgongo wake.

“Kimekaliwa,” alisema.

“Wanaume wazima, asubuhi nzima mnatafuta kisichokuwepo, mkang’oa kilichokuwepo.” Akajishika kiuno, akaitazama kandambili, akamtazama mumewe, na mdomo ukaanza kumchezacheza kwa kicheko alichokuwa anakizuia. “Haya, geuza tukafuate sanduku. Kesho nakuja na wewe. Lakini hii kandambili naiweka.”

“Ya nini tena? Si imeharibika?”

“Naiweka pamoja na lile gauni.”

Raimundi akageuza pikipiki. Alijua jubilei inayofuata ni ya dhahabu, na kwamba kandambili hiyo ataisikia mpaka siku hiyo.