Mihogo ya Ekadashi

Jumatatu, 20 Julai

Ukungu hadi saa nne. Sweta mbili. Zimebaki siku tano.

Nimezihesabu kwenye kalenda ya hekalu, ile ambayo Wavinya aliniletea Januari. Ekadashi ni siku ya kumi na moja, mwezi ukikua na ukipungua. Siku hiyo Mama Kokila, Mhindi mzee ambaye Wavinya humpikia kule Section 9, hagusi nafaka wala maharagwe. Anakula mihogo, viazi, njugu. Na mihogo bora soko zima la Thika ni yangu mimi, Kaleli.

Siku nyingine zote ni za Mutie. Kibanda chake kinatazamana na changu. Sukuma, mchicha, dengu, dhania. Wavinya huenda kwake kila asubuhi na kikapu, akaniinulia mkono kutoka mbali. Kwangu husimama mara mbili kwa mwezi. Dakika sita, saba. Siku moja zilifika kumi na moja, kwa sababu mvua ilinyesha.

Jumanne, 21 Julai

Msiba! Mutie ameshusha magunia mawili ya mihogo. Nimemuuliza tangu lini. Amesema soko ni la kila mtu. Mihogo myembamba kama vidole vya kuku! Lakini Wavinya ana huruma, anaweza kuinunua.

Mpango. Nimempigia simu nikamwambia Ekadashi imesogea, sasa ni Alhamisi, mwezi umeharakisha. Akauliza nimejuaje. Nikasema mimi hufuatilia mambo ya angani. Kisha akasema sawa.

Sauti yake kwenye simu! Chakula cha mchana kimenishinda.

Alhamisi, 23 Julai

Amekuja! Kitambaa cha kijani kichwani. Kilo tatu. Nimemchagulia mmoja mmoja, polepole. Dakika kumi na nne! Mutie ametukodolea macho hadi dengu zikamwagika.

Wavinya amesema mikono yangu imepasuka, nipake mafuta. Hakuna mtu aliyeitazama mikono yangu tangu mke wangu afariki. Nyumbani Gitothua nina vikombe viwili. Kimoja hakijaguswa na chai miaka minne.

Ijumaa, 24 Julai

Aibu. Mama Kokila mwenyewe amefika sokoni, na fimbo yake. Amezaliwa Thika, Kiswahili chake kinanyoosha changu. Ameuliza ni nani huyu anayemfundisha mpishi wake habari za mwezi. Amefunga Ekadashi miaka sitini, hajawahi kuuona mwezi ukiharakisha. Mutie akaegemea meza asikilize vizuri.

Mdomo wangu ulijibu kabla yangu. Ulisema mimi pia hufunga, kila Ekadashi, na ni njaa iliyonichanganya.

Uso wa Mama Kokila ukalainika. Akasema basi nije kesho nifunge nao. Nyumba ni kubwa na watu wamekwisha.

Siku nzima uani na Wavinya! Tena kwa kula mihogo. Hiyo nayo ni kufunga?

Jumamosi, 25 Julai

Nimefika saa moja, na koti langu la harusi. Habari mbaya mlangoni. Ekadashi ya leo ni kubwa. Mama Kokila huifunga kwa maji tu, hadi kesho asubuhi. Wavinya pia. Na mimi pia, kumbe.

Tumemenya mihogo ya kupeleka hekaluni. Kuimenya bila kuila! Goti la Wavinya lilikuwa karibu na langu, karai katikati.

Mama Kokila ametueleza kwamba leo Mungu wake analala, ataamka Novemba. Kila mwaka, kabla hajalala, humwomba jambo moja. Mwanawe aliye ng'ambo, Leicester, arudi nyumbani. Ameomba miaka kumi na moja. Chumba cha mwanawe kilikuwa wazi. Kitanda kimetandikwa, taulo limekunjwa juu ya mto.

Alipoingia ndani kuomba, nilimuuliza Wavinya kwa nini anafunga, na kesho yuko kanisani kama mimi.

“Ukila mbele ya mtu anayengoja,” akasema, “chakula hakishuki.”

Nikaitazama mihogo.

Saa tisa nilishindwa. Nilikuwa na maandazi mawili mfukoni. Nyuma ya tangi la maji. La kwanza lilienda vizuri. La pili lilikuwa lote mdomoni Wavinya alipotokea na ndoo.

Ngano! Siku ya Ekadashi! Hakupiga kelele. Aliweka ndoo chini, akanipangusa chembe kwenye ukosi wa koti. Kwa vidole vyake.

“Kaleli, kama ulitaka kuniona, si ungesema tu?”

Sikuweza kujibu. Andazi. Lilipoteremka nikamwambia Jumatatu nitakuwa na viazi vitamu.

Alichukua ndoo akaenda.

Jumapili, 26 Julai

Nimerudi asubuhi kufungua pamoja nao. Wali, dengu, samli. Mama Kokila amenipakulia kabla ya kujipakulia. Amesema nimevumilia kama mwana wa nyumba. Wavinya alikuwa anaangalia sufuria. Hajamwambia.

Wali ulishuka kama kokoto. Kiti cha nne mezani hakuna aliyekikalia, na Mama Kokila alikuwa amekiwekea sahani.

Naapa hapa, kwa mkono wangu. Uongo basi. Nitasema tu.

Jumatano, 29 Julai

Ajabu! Mungu akishalala, Mama Kokila huacha mboga za majani mwezi mzima. Kwa hivyo Wavinya amekuja kwangu juzi, jana na leo! Mutie ananyauka pamoja na sukuma yake.

Kila asubuhi neno liko tayari. Juzi lilifika kwenye meno likageuka habari za baridi. Jana likageuka habari za fuko wanaochimba na kuharibu mihogo shambani. Wavinya alisikiliza habari za fuko hadi mwisho.

Leo nilikaribia kabisa. Kikapu chake kilikuwa kimejaa, na bado hakuondoka. Alisimama akikunja ncha ya kitambaa, akiitazama mikono yangu. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akangoja. Mwishowe akasema, nadhani ili kuniokoa, kwamba kwaya yao kule Juja imepungukiwa na mtu wa besi.

Nikamwambia mimi ni besi. Tangu shule. Niliongoza kwaya hadi tukachukua kikombe.

Amenitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akasema mazoezi ni Jumamosi, saa nane.

Sijawahi kuimba, hata nikioga. Lakini nimeulizia. Akina mama husimama mbele, besi nyuma yao. Saa mbili nzima nitakiona kisogo chake! Na besi ni kunguruma tu. Itanishinda vipi?