Laini ya Akiba ya Rungwa

Jumatatu, 8 Julai 2024

Manyoni. Upepo, vumbi, na Luciana. Mzee Ezekieli, meneja wa ushirika wetu wa asali, ametangaza kwamba wiki hii anachagua mkuu wa mitambo: mimi au fundi mwenzangu Luciana. Luciana! Mtu anayesoma maelekezo ya kifaa mpaka ukurasa wa mwisho! Nilimpa mzee shikamoo mara mbili ili anikumbuke. Aliitikia moja.

Bahati imejileta. Laini ya akiba ya ghala la Rungwa inamaliza vocha. Modemu yake inatakiwa kupiga simu pale tu mnara wa laini kuu unapozimika, kisha ikate. Haikati. Inaongea mchana kutwa kama mawifi waliokutana gulioni. Mzee kafura. Nimeahidi dawa kabla Luciana hajafungua mdomo.

Jumanne, 9 Julai

Mchawi nimemkamata! Ruta yetu, kile kifaa cha kuelekeza mtandao, na ruta ya Rungwa husalimiana kila baada ya sekunde chache. Ndivyo zinavyojuana kuwa hai na kupashana habari za njia. Kila salamu inaifanya modemu idhani kuna kazi, basi haikati simu. Nikapiga marufuku salamu zote kwenye laini ya akiba. Kimya! Vocha imepona. Mzee kanipa mkono mbele ya watu.

Luciana akauliza kama nimejaribu kuzima mnara ili kuona laini itaamka. Wivu huo. Nikamwambia nimejaribu. Sikujaribu.

Jioni nikampigia Shangazi Dorkas, aliyenilea, yuko Rungwa. Asali yake yote ya kuuza iko ghalani, inangoja mnada wa Alhamisi ambao wanunuzi huufuatilia kwenye kompyuta. Akaanza: habari za kazi, habari za kulala, habari za kifua changu cha utotoni. Nikamkatiza. Nikamwambia asihofu, mtandao ni mimi.

Alhamisi, 11 Julai

Sijui niandikeje. Asubuhi upepo uling'oa antena ya mnara wa Rungwa. Nikatabasamu! Nikamwita mzee aje kuona laini yangu ya akiba inavyoamka. Haikuamka. Mzee akasimama nyuma yangu, nikasikia anavyopumua. Kumbe bila salamu ruta yetu iliamini Rungwa haipo tena duniani. Haikujua njia nyingine ya kufika huko, basi haikupiga simu. Nani ampigie marehemu?

Mnada ukaanza, ukaisha. Wanunuzi wakatimiza mahitaji yao kwa asali ya Itigi. Ya Rungwa haikuonekana kabisa.

Nikawaambia wote ni upepo. Luciana akatazama mipangilio yangu, akanitazama mimi. Afadhali angenitukana. Kisha akaiandikia ruta njia ya kudumu kupitia modemu, isiyohitaji salamu, itumike tu njia kuu ikifa. Modemu ikapiga simu palepale. Fundi alipopandisha antena, ikakata yenyewe.

Shangazi amepiga simu mchana kutwa. Sikupokea. Ningemwambia nini?

Ijumaa, 12 Julai

Shangazi kaja! Kapanda basi kutoka Rungwa, mgongo wake ule, kwa sababu sikupokea simu. Alidhani naumwa, au nimekufa na watu wanamficha. Aliponiona alikaa chini, akalia. Halafu akanipa dumu la asali, akauliza ilikuwaje mnadani. Nikasema upepo. Akaamini. Akaulaani upepo kwa Kinyaturu, kwa muda mrefu. Nilitamani kumwambia ukweli. Nikamkaribisha chakula.

Jumapili, 14 Julai

Mkuu wa mitambo ni Luciana. Mzee alisema anataka mtu anayejaribu kitu kabla ya kukisifia. Ilinichoma, kwa sababu ni kweli. Nimejuta. Kanisani nimeapa: ujanja basi, uongo basi. Nililia kidogo, Rebeka wa kwaya akaniona.

Mnada wa marudio wa Rungwa ni Jumanne. Shangazi karudi na matumaini.

Nikawaza wakati wa ibada ya pili. Mnada ukikaribia, nachomoa waya wa laini kuu. Na wa modemu pia, maana ile njia ya Luciana itaharibu mambo. Luciana anatapatapa, mzee anatoka jasho, mimi naingia taratibu, nachomeka. Shujaa! Sijajaribu, lakini ni nyaya mbili tu.

Nimempigia shangazi. Akaanza habari za ibada, habari za chakula. Nikamkatiza. Nikamwambia asihofu, mtandao ni mimi.