Vita vya Fundi Cheche na Herufi L

Enyi mlioketi nanyi mliosimama, tulizeni vijiko na watoto, kwani yanayosimuliwa hapa ni makuu: ni habari za Fundi Cheche, simba wa kuchomelea, mwenye nyusi zilizoungua, na jinsi alivyoingia vitani na herufi moja.

Chanzo cha vita kilikuwa pipa. Mama mkwe wake, malkia wa siki ya kuuza, alimwagiza amtengenezee pipa dogo la stenlesi, chuma kisichoshika kutu, naye shujaa akalichomelea kwa mbwembwe zote. Hata mwezi haujaisha, kutu ikachipuka kwenye mishono na siki ikageuka rangi ya chai. Tangu hapo yule mama hakumwita tena mwanangu. Alimwita "huyo bwana." Na hilo, enyi wasikilizaji, lilimuunguza Cheche kuliko moto wote wa karakana, maana hakuwa na mama mwingine.

Basi akajifunga aproni yake ya ngozi, akaliendea duka la vyuma.

"Ewe muuza mabamba!" akanguruma. "Uliniuzia stenlesi ya 316 ukaapa kwamba hata siki yenye chumvi haiiwezi. Mbona mishono imeniumbua?"

"Ewe mchomeleaji!" akajibu mwenye duka, juu ya stuli yake. "Nilikuwa na 316 na 316L. Nani aliikataa ile ya L?"

Cheche akainamisha kichwa. Ni yeye. Alisema kwa kinywa chake: pipa lenyewe dogo, L ya nini, laji kama ya shati?

"Na hukukosea," mwenye duka akamfariji, kwani naye aliamini hivyo tangu afungue duka. "Wewe hasa ulihitaji M, ila huwa haziletwi."

Wakahuzunika pamoja kwa kukosa M. Ndipo jicho la shujaa likatua kwenye pakiti ya vijiti vya kuchomelea, vyembamba kama sindano za kufumia, navyo vimepigwa chapa 316L.

"Kaka," akanong'ona, akiinua kijiti kimoja, "laji gani hii inayoingia tundu la sikio?"

Mwenye duka akateremka kwenye stuli. Akampigia simu msambazaji wa vyuma, na msambazaji akacheka mpaka wakaiweka simu mezani ipumzike.

"L ni low, yaani kaboni kidogo, jamani!" ikasema simu kutoka mezani. "Kaboni ikizidi, ukichomelea, mshono unapoteza kinga ya kutu. 316 inastahimili chumvi, lakini L ndiyo inayoulinda mshono."

Cheche akabeba bamba la 316L kichwani katikati ya barabara, baiskeli zikimpisha, akachomelea pipa jipya, nalo likakaa na siki mwezi mzima.

Siku ya hukumu mama mkwe akapitisha kitambaa cheupe kwenye mshono, taratibu, toka kitako hadi mdomo. Akakitazama, akakigeuza, akakitazama tena. Cheupe pe.

"Mwanangu," akasema, "umekula?"

Na iandikwe katika tarehe za mataifa, baada ya kuanguka kwa miji na kabla ya kupatwa kwa jua, kwamba siku hiyo Fundi Cheche, mshindi wa herufi L, aliulizwa kama amekula. Naye, ingawa tumbo lilikuwa limejaa hadi shingoni, akajibu kwamba bado.