Choo cha Ndani cha Liri

Jumanne, 6 Mei
Siku ya kumi na mbili bila mke. Liri yuko kwa dada yake mjini Korça na ameapa: harudi hapa mpaka choo cha ndani kitoe maji. Miaka thelathini na mmoja amekuwa akienda choo cha uani na ndoo, hata wakati wa theluji. Jumapili anakuja kukagua. Akikuta bado, ndiyo basi, tumeachana. Aliyasema hayo bila kupaza sauti, ndiyo maana naogopa.

Leo nimetoboa ukuta nitundike kioo. Wakati huohuo jirani Neki akachungulia, akasema choo kinapendeza. Hakusema mashallah! Neno moja tu, limemshinda. Hapohapo bomba likapasuka ndani ya ukuta, nikaloa mpaka soksi. Neki akasema nimelitoboa mwenyewe. Hasidi hakosi la kusema!

Jumatano, 7 Mei
Nimetundika sanamu. Kila anayejenga huku hutundika moja juu ya nyumba, ili jicho baya liishie hapo, lisiguse kuta. Sikuwa na sanamu, nimechukua dubu wa kuchezea wa manyoya wa mwanetu Ardit, aliyehamia Ujerumani. Liri alimhifadhi kabatini pamoja na nguo za utotoni za Ardit. Nimempigilia msumari sikioni. Liri ataelewa tu.

Mchana Neki akaja mlangoni na mkoba wa vifaa. Miaka arobaini alikuwa fundi bomba kiwandani. Akasema, "Jirani, nipe saa moja tu, maji yatatoka." Eti saa moja! Nikamwambia ahsante, nina fundi wangu. Sina fundi. Nikaenda jikoni nikalia. Nyumba hii bila Liri haina hata harufu ya kahawa.

Ijumaa, 9 Mei
Dubu hatoshi. Neki anaona kila kitu kutoka barazani kwake. Kwa hiyo nimepandisha ukuta kati yetu, mita mbili na nusu, kwa matofali ya choo na saruji ya choo. Vigae vya choo nimepambia juu. Mgongo wangu umekufa. Lakini sasa achungulie!

Zyra, mke wa Neki, akapiga kelele kutoka upande wa pili: mbona nimeziba njia yao, yeye na Liri, ya kupelekeana byrek, ile pai ya mchicha? Nikamjibu ni mambo ya kitaalamu.

Jumapili, 11 Mei
Amekuja, kwa basi la saa nne. Nilimpokea nimevaa koti langu la harusi. Akafungua bomba. Likakohoa, likatoa hewa. Akatoka uani, akautazama ukuta, akamtazama dubu. Halafu akasema: "Bardhyl, nilikuomba choo, wewe umenijengea gereza."

Nikamweleza habari za jicho. Akaniuliza namtaka yeye au nataka kumshinda Neki. Nikasema kwani lazima nichague? Kosa! Akapanda ngazi mwenyewe, akamng'oa dubu, akamkung'uta vumbi, akamtia mkobani. Kisha akazunguka kwa barabarani kwenda kunawa kwa Zyra. Nikatega sikio ukutani. Alikuwa analia. Liri wangu! Na mimi huku nalia, tofali limenitenga naye. Basi la saa kumi likaondoka naye.

Jumatatu, 12 Mei
Asubuhi nilikwenda dukani kutafuta gundi ya bomba. Kurudi, nasikia maji! Choo kinatoa maji, ya moto na ya baridi. Kumbe Liri alimwachia Neki ufunguo. Amebadilisha kipande cha bomba, ameziba ukuta, amefagia mpaka vumbi langu.

Liri amepiga simu, Zyra kashamwambia. Sauti yake ilikuwa laini, sijaisikia hivyo tangu Ardit aondoke. Anarudi Alhamisi. Akasema nisiguse kitu chochote, nimngoje tu. Nikaapa. Nikakaa sakafuni nikiyasikiliza yale maji, nikalia tena, safari hii kwa furaha.

Halafu nikawaza. Kila akifungua bomba lile atasema Mungu ambariki Neki. Asubuhi na jioni, maisha yetu yote! Na mimi nimekaa hapo mezani nasikia. Haiwezekani. Leo ni Jumatatu tu, Alhamisi bado mbali. Nimefunga maji, nimebomoa ukuta wa choo, nimeng'oa bomba lote. Nitaliweka upya kwa mkono wangu.