Mkono wa Kushoto wa Mkurugenzi

Ofisi ya habari ya hospitali yetu ina furaha kuutangazia umma wa Mwanza kwamba, kuanzia mwaka huu wa tisini na tano, ukiritimba wa mkono mzima umevunjwa rasmi. Mgonjwa yeyote aliyelegezwa mkono na kiharusi atafungwa kitenge kwenye ule mzima, ili mlegevu nao upate nafasi ya kushindana katika soko huria.

Huo ni ufafanuzi wa Mkurugenzi wetu, Bwana Ndalahwa. Mtaalamu wa mazoezi, Dada Justa, husema tu kwamba mkono usiopewa kazi husahau kazi. Mimi, afisa mpya kutoka chuo kikuu, nawaamini wote wawili.

Fahari yetu ni Mama Paskazia, muuza dagaa wa Ilemela. Alikuja mkono wa kulia ukining'inia, analishwa na mkwe wake. Alisema heri njaa kuliko aibu hiyo. Sasa anakata tonge mwenyewe. Linatetemeka, lakini kinywani linafika. Lilipofika mara ya kwanza nilitoka nje kupangusa miwani.

Kwa kuwa mafanikio yalikuwa makubwa, Mkurugenzi aliamua kukiondoa chumba cha mazoezi. Mwekezaji alikitaka kuhifadhia minofu ya sangara. Dada Justa aliuliza wagonjwa waende wapi. Akajibiwa kwamba katika uchumi huria kila mgonjwa ni chumba chake mwenyewe.

Siku ya makabidhiano alikuja mgeni rasmi kutoka mkoani, likaletwa sinia la ugali na sato. Ili kuthibitisha kwamba tiba hii haihitaji chumba, Mkurugenzi aliagiza yeye mwenyewe afungwe mkono wa kulia pale pale.

“Nikaze, mzee?” Justa aliuliza.

“Kaza. Hii kazi ya chekechea.”

Akatia mkono wa kushoto katika sinia la watu. Mikono yote ikarudi mapajani. Hata mwekezaji, asiyezijua mila zetu, alizitazama nyuso akaacha kutafuna. Tonge la kwanza lilipita shavuni, likatua kwenye tai. La pili halikutoka siniani.

Mama Paskazia, aliyealikwa kama ushahidi wa mafanikio, akasogeza kigoda. Mkono wake wa kulia ulikata tonge, ukatetemeka njia nzima hadi mdomoni mwa Mkurugenzi.

“Meza, baba,” alisema. “Hata mimi nilianza hivyo hivyo.”

Mgeni rasmi akamgeukia Justa. “Mkono usiofikisha tonge, ninyi mnauitaje?”

“Mgonjwa, mheshimiwa.”

“Basi mwandikisheni.”

Utaratibu ni utaratibu: chumba chenye mgonjwa wa ngazi ya Mkurugenzi hakiwezi kuwekwa samaki. Mwekezaji amevuka na kivuko kwenda Busisi, kutafuta jengo lenye watu wenye afya. Bwana Ndalahwa hufika kila asubuhi, akafungwa kitenge, akaokota maharage kwa mkono wa kushoto kando ya Mama Paskazia. Jana aliomba aruhusiwe kurudi ofisini moja kwa moja. Dada Justa alimjibu kwa upole kwamba maendeleo yake bado hayaridhishi.