Msemaji Alivyomponda Mjukuu Wake

Gazeti la bure lilitua kijiweni Alhamisi saa nne asubuhi, na kabla ya saa tano lilikuwa limeshatugombanisha. Kijiwe chenyewe ni benchi la chuma nje ya duka la mashine za kufulia, hapa Otara, kusini mwa Auckland. Ukikaa kushoto unanusa sabuni, ukikaa kulia unanusa pai za yule mwokaji Mkambodia. Meya hukaa kulia.

Ndiye aliyelisoma. Meya ni mtu wa Niue, kisiwa kidogo cha Pasifiki, na umeya wake ni wa kuitwa tu: aligombea udiwani mara moja akapata kura arobaini na moja, ilhali wapwa peke yao anao sitini.

"Sikilizeni," alisema, makombo yakimruka. "'Kozi za bure za sanaa, msimu wa kiangazi. Kuchora, filamu, mavazi. Wiki mbili za Januari, chuoni mjini. Kwa vijana wa mijini kutoka jamii zisizowakilishwa vya kutosha.'"

"Jamii gani hizo?" aliuliza Nesi. Huyu ni mama wa Kisamoa aliyepiga deki hospitali miaka thelathini, akatoka na ujuzi wa kumpima mtu kwa macho.

"Sisi hao."

"Sisi hatuwakilishwi? Nani kasema? Nenda kliniki ya sukari Jumatatu uone. Tumejaa mpaka koridoni!"

"Na kizimbani," nikachomekea.

"Kizimbani tuna viti vya kudumu," Meya akadakia. "Na raga je? Timu nzima sisi, mzungu kawekwa mmoja wa kupiga mipira ya adhabu."

"Basi waandike ukweli," Nesi akasema. "Tumewakilishwa kupita kiasi, ila kwenye penseli ndiyo hatujafika."

"Halafu bure yao ina fomu," alisema Meya. "Ukurasa wa kwanza wanakuuliza jina. Wa pili, uwaeleze shida zako. Wa tatu, shida hizo zimekufundisha nini."

"Zangu hazijanifundisha kitu," nikasema.

"Ndiyo maana mpaka leo uko na sisi hapa."

Hapo Msemaji akakohoa. Akikohoa Msemaji, watu hunyamaza hata bila kutaka. Jina lake ni Semisi, Mtonga wa visiwa vya Tonga, na kazi aliyorithi kwa baba yake ni kusema kwa niaba ya chifu wao kwenye harusi na misiba. Anaweza kusimama saa nzima akishukuru kwa kikombe cha chai.

"Luseane ameomba hiyo kozi," alisema taratibu.

Luseane ni mjukuu wake, binti wa miaka kumi na saba. Ametuchora sote pale benchini bila kutuomba ruhusa wala kutuhurumia. Mimi kanichora bila shingo.

"Wee! Na hukusema?" Nesi alimaka.

"Walitaka barua ya mzee anayemfahamu. Nimeiandika mimi, ikapelekwa wiki iliyopita." Akatoa nakala mfukoni, imekunjwa mara nne. Akavaa miwani.

"'Waheshimiwa walimu. Nawaomba radhi kwa kuwachosha macho. Mtoto ninayewaletea hana kitu, na ametoka nyumba isiyo na kitu. Michoro yake ni mikwaruzo ya kuku. Hastahili hata kukanyaga ngazi zenu. Mkimfukuza mtakuwa mmetenda haki. Wenu mnyonge, Semisi.'"

Ndani ya duka mashine moja ilikuwa ikikamua nguo kwa kishindo.

Nesi alitoa kitambaa akafuta jicho. "Barua nzuri," alisema. "Tangu nizaliwe sijasikia mtoto akisifiwa hivi."

"Akisifiwa?" Meya aliruka, pai ikamwagika mchuzi. "Umesikia barua gani wewe? Mzee kamponda mtoto mpaka kamsaga!"

"Wewe wa Niue utajua nini? Kisiwa kizima mnaenea kwenye mabasi mawili. Mtu wa heshima hakikwezi cha kwake. Anakishusha chini kabisa, wewe unayepokea ndiye unakiinua."

"Najua! Nilikuwepo harusi ya mwezi wa nane. Alileta nguruwe wa kubebwa na wanaume sita, akasema, 'Tusameheni, tumekuja na kapanya.' Ukumbi mzima ukalia. Lakini barua hii anaisoma mama wa kizungu mwenye kahawa mkononi na barua mia mbili mezani. Atainua nini, zaidi ya kikombe?"

"Ni watu wa chuo," alisema Msemaji. "Wamesoma. Wataelewa."

"Kusoma ndiko kumewaharibu! Wao wakisoma 'mikwaruzo ya kuku' wanaona kuku!"

Msemaji akaikunja nakala yake, akaikunjua, akaikunja tena.

Hapo ndipo Luseane alipotokea upande wa kituo cha basi, simu mkononi, hatua za kutaka kupiga mtu.

"Babu, uliwaandikia nini?"

"Barua, mwanangu."

"Chuo wamenitumia ujumbe. Wanasema mdhamini wangu ameshauri nifukuzwe. Nifukuzwe, babu! Hata sijaingia! Watakupigia saa tano hii kuthibitisha, kwa simu yangu, na leo ndiyo wanafunga orodha."

"Mwambie ni adabu tu," Nesi alijaribu. "Mjukuu wangu, babu yako alikuwa..."

"Bibi, najua adabu. Nimekua nayo. Nikimaliza kuosha vyombo, atasema vichafu. Nikishinda zawadi ya shule, walimu walinionea huruma. Harusini akisema nguruwe ni kapanya, sawa, watu si wanamwona nguruwe yuko pale? Mimi nani ananiona kule? Kuna karatasi tu, na karatasi inasema mimi si kitu." Akaishusha simu. "Na sijui, babu. Labda kweli ndivyo unavyoona."

Meya alitazama viatu vyake.

Simu ikalia. Luseane akaibandika mkononi mwa babu yake.

"Weka sauti ya juu tusikie wote," Meya alinong'ona. "Sema ana kipaji. Rudia: ki-pa-ji."

"Mzee Semisi?" Sauti ya mama, ya upole. "Tumepata barua yako kuhusu Luseane. Ningependa kuelewa. Ina maana michoro yake si mizuri?"

Msemaji alifumbua mdomo. Tuliona neno likimjia mpaka kooni. Kisha miaka sabini na mmoja ya malezi ikamshinda.

"Mibaya sana, mama. Mtusamehe."

Nesi alijipiga paji la uso. Meya akainyakua simu.

"Haloo! Usimsikilize, amechoka! Binti kama huyu hajapata kutokea! Akichora jogoo, majirani wanaamka! Akichora mvua unaanua nguo!"

"Samahani, naongea na nani?"

"Meya."

"Meya wa jiji?"

Meya alisita. "Bado."

Msemaji alinyoosha mkono, akaichukua simu. Alisimama. Akafunga kifungo cha juu cha shati, kama anavyofanya akiwa mbele ya chifu.

"Mama," alisema, "nina mikono miwili, ila vidole vinane. Viwili vilibaki kiwanda cha nyama mwaka themanini na nne. Siku moja kanisani huyu mtoto alichora mikono yangu nikiwa nasali, nyuma ya karatasi ya matangazo. Nilimgombeza mbele za watu. Kuchora wakati wa mahubiri! Watu walipotoka, nilirudi nikaiokota ile karatasi. Hivyo vidole viwili hakuvichora, mama. Lakini ukitazama pale vilipokuwa, vinauma. Nimeiweka kwenye Biblia yangu mwaka wa tatu sasa. Mke wangu hajui."

Luseane alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Asante, mzee," alisema yule mama. "Nina kisanduku cha kujaza. Ustadi wake, kuanzia moja mpaka tano. Niandike ngapi?"

"Tano!" Meya alitamka kwa midomo, vidole vitano hewani.

Msemaji alitafakari. "Nne."

"Nne?" Tulipiga kelele watu watatu kwa pamoja.

Aliziba simu kwa kiganja. "Tano ni ya Mungu!"

"Amina," alisema Nesi bila kukusudia.

"Nne," alirudia yule mama, tukasikia kalamu. "Mzee, michoro yenyewe tuliipenda tangu siku ya kwanza. Hofu yetu ilikuwa kwamba nyumbani hamtaki aje. Mwambie tunamngoja Januari tarehe kumi na mbili, saa tatu asubuhi."

Akakata. Meya alipiga yowe hadi Mkambodia akatoka na kijiko chake kuona nani kafa. Nesi akamkumbatia Luseane, akamwachia, akamkumbatia tena.

Msemaji peke yake alikaa chini, kijasho kikimtoka. Alitazama barabarani kushoto, akatazama kulia.

"Kuna mtu wa kanisani kwetu amepita?"

"Hakuna."

"Nimemsifu mtoto wangu mwenyewe. Mchana kweupe. Mbele ya mtu wa Niue."

"Siri yako iko salama," alisema Meya, ambaye hajawahi kutunza siri hata ya kura yake.

Luseane akaja kujibanza katikati ya babu yake na ncha ya benchi, mahali pasipotosha mtu. Macho yalikuwa bado mekundu.

"Babu. Nne kweli?"

Mzee alikunja uso, akaangalia mashine za kufulia.

"Mbili," alisema. "Nyingine nilimwongezea yule mama asije akajisikia vibaya."

Binti alicheka hadi akateleza kutoka benchini, akakaa chini, na bado akaendelea kucheka.